Sipumzishwi na Mtu

Jumatatu, 7 Julai

Imetoka! Imetoka mashineni saa nne asubuhi, bado ina joto. Kurasa tatu. Fomu ya Matakwa ya Mgonjwa. Nembo ya kanisa juu kabisa, katikati, kwa rangi ya bluu. Matroni alitaka nembo ya hospitali. Nikamwambia hospitali ni ya kanisa, na mtoto hutambulishwa kwa baba yake. Akaipitisha. Nimeshinda.

Miaka ishirini na mbili niko masijala, napanga mafaili ya watu. Najua nani ana sukari na nani ana presha, na mdomo wangu umefungwa kama bahasha. Leo ndiyo mara ya kwanza kitu changu mwenyewe kinasomwa wodini. Kamati ya maadili walikuwa na fomu ya lugha ya kigeni, wagonjwa wanaweka alama ya vema popote tu ili muuguzi aondoke. Wakanipa mimi niiandike upya. Kwa nini mimi? Kwa sababu mimi ni binti wa Mwalimu! Hawakusema hivyo, ila najua.

Swali la nne ndilo kipenzi changu. "Pumzi ikinishinda, naomba: (a) niwekewe mashine ya kupumulia; (b) nipumzishwe." Pumzi, kupumua, kupumzishwa — ukoo mmoja! Matroni aliitaka hiyo (b) iseme kwamba mgonjwa asiwekewe mashine, apewe dawa ya maumivu, atunzwe mpaka Mungu atakapomwita. Ndefu kama treni! Nikamwambia Kiswahili kina adabu yake, mambo mazito husemwa kwa upole. Najua, mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini ngoma si imelia?

Jumamosi nampelekea Baba nakala. Akikosa pa kuweka wino wake mwekundu, nitacheza barabarani.

Jumatano, 9 Julai

Baba amelazwa.

Saa mbili na nusu nikasikia sauti ya Kaka pale mapokezi. Kaka hajui kunong'ona. Miaka thelathini juu ya mapaa anawapigia kelele vibarua walioko chini. Nikatoka masijala mbio, kalamu sikioni. Baba yuko kwenye kiti cha magurudumu, koti lake la kwaya amelikunja mapajani, midomo rangi ya majivu. Na bado akaniangalia kuanzia juu mpaka chini: "Kalamu haikai sikioni. Wewe si seremala."

Ndiyo yeye! Miaka sabini na tisa, na arobaini na mmoja kati ya hiyo anaongoza kwaya kuu. Mchana alikuwa mwalimu wa shule, jioni mwalimu wa kwaya, na nyumbani mwalimu wetu sisi. Kaka sauti ya nne, mimi sauti ya pili, Kitindamimba sauti ya kwanza, marehemu Mama sauti yoyote iliyopungua. Barua nilizomwandikia nikiwa bwenini alizirudisha zimesahihishwa kwa wino mwekundu, na alama chini. Sijawahi kupita nane juu ya kumi. Hata ile ya kumwambia nimepata mchumba alinipa saba. Alisema narundika alama za mshangao. (Bado narundika!)

Daktari wa mapafu, ambaye wauguzi humwita Daktari Pole maana kila sentensi yake huanzia hapo, amempima na kumpiga picha. Mapafu yamekakamaa. Hayarudi. Wamemweka wodi ya wanaume, kitanda cha sita, dirishani, mrija wa oksijeni puani.

Mchana muuguzi akampa fomu. Fomu yangu! Sikuwepo. Na sheria ya masijala ni kwamba karani hagusi faili la ndugu yake, nami sijaivunja hata mara moja. Basi jioni nikamwuliza Baba kijanja: kuna karatasi yoyote walikupa? Akavuta pumzi. Akanijibu kwa vipande vipande: ameiona, ameijibu, na hao walioiandika waache ujanja wa kitoto.

Ujanja wa kitoto.

Sikumwambia ni mimi. Nimerudi nyumbani nikaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Ijumaa, 11 Julai

Kikao cha familia. Chumba kidogo nyuma ya wodi, viti vinne, kalenda ya mwaka juzi ukutani. Daktari Pole, Kaka, mimi, na Kitindamimba aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi, begi lake bado lina lebo. Yeye anafundisha fizikia huko mbali. Anaamini kinachopimika. Kaka ni mzee wa kanisa, anaamini kisichopimika. Mimi niko katikati kama siku zote.

Daktari akasema pole, hali ni hii. Pumzi ya Mwalimu inapungua. Itafika siku, pengine wiki ijayo, oksijeni ya puani haitatosha. Hapo ni mambo mawili. Ama apelekwe chumba cha mashine, apitishwe mrija kooni, mashine impumulie. Mapafu hayatapona, ila atapata siku kadhaa, labda wiki kadhaa. Hataongea. Ama abaki kitandani pake, apewe dawa za kutuliza maumivu na kile kihoro cha kukosa hewa, mpaka mwisho wake mwenyewe. Bahati nzuri, akasema, Mwalimu ana akili timamu na ameshajibu.

Akafungua faili. Akasoma kwamba kwenye swali la nne Mwalimu ameikata (b) kwa mistari miwili. Hakuweka vema kwenye (a). Pembeni ameandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: SIPUMZISHWI NA MTU. Akatia na sahihi.

"Haleluya!" Kaka akapiga meza, kalenda ikatikisika. "Huyo ndiye mzee wetu! Uhai ni wa Mungu, hauzimwi kama taa. Lazaro alikaa siku nne kaburini, sembuse mtu anayehema? Mashine!"

Kitindamimba alikuwa analia. Akauliza: "Kwani hiyo (b) ndiyo sindano?"

Daktari akasema pole, hapana. Hospitali hii haina sindano ya kummaliza mtu na haitakuwa nayo. (b) maana yake ni kumtuliza bila mashine.

"Sasa si mngeandika hivyo? Nani kaandika kitu kama hiki?"

Daktari akaitazama kalenda. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Halafu Kitindamimba akasema lile alilokuja nalo. Kwamba yeye, kama ingekuwapo hiyo sindano, angeiomba. Mbwa wa jirani yake alivunjika mgongo, daktari wa mifugo akaja dakika kumi tu, mbwa akalala. Baba tunamwangalia anavyozama kwenye hewa, tunaita imani. Kaka akasimama, kiti kikaanguka. Kuua ni kuua, akasema, hata ukikuvalisha koti jeupe! Nikawashika mikono wote wawili.

Na mimi je? Niseme ukweli humu, hakuna asomaye. Nilijivuna. Baba yangu hapumzishwi na mtu! Hata fomu niliisamehe.

Jumapili, 13 Julai

Mungu wangu.

Ibada imekwisha, nimesimama mlangoni napokea pole za watu. Akaja mwenyekiti wa kamati ya kwaya, yule fundi saa, mtu mpole. Akaniuliza Mwalimu bado amewakasirikia? Maana hawakukusudia ubaya, hawakujua kama anaumwa kiasi hicho. Ile barua ilimfika Jumanne, kumbe Jumatano analazwa.

Barua gani?

Barua ya kumpumzisha, akasema. Miaka arobaini na mmoja inatosha, wamempumzisha uongozi kwa heshima zote, watamfanyia na ibada ya shukrani. Hii ni mara ya tatu wanajaribu. Mara mbili za kwanza Mwalimu alisimama mbele ya kwaya nzima na kusema lile neno lake ambalo waimbaji wote wanaliigiza akigeuza mgongo: "Mimi sipumzishwi na mtu!"

Nikashika ukingo wa mlango.

Nembo ya kanisa juu ya barua yao. Nembo ya kanisa juu ya fomu yangu. Kwa bluu! Katikati! Jumanne anasoma "upumzishwe", Jumatano anasoma "nipumzishwe". Alidhani kamati ya kwaya imemfuata mpaka wodini, imemchomekea uamuzi wao kwenye karatasi ya hospitali atie sahihi akiwa hoi. Ujanja wa kitoto! Hakujibu habari ya mashine. Hakujibu habari ya kufa. Alikuwa anaitetea kwaya yake.

Na kwa jibu hilo watampitisha mrija kooni. Mtu aliyeishi kwa koo lake!

Au sivyo? Labda aliona yote mawili. Sijui. Hilo ndilo linaloniumiza, sijui.

Jumatatu, 14 Julai

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nimejikwaa kalamu.

Nimeenda kitanda cha sita mara tatu. Mara zote Kaka yupo, amechukua likizo, Biblia magotini. Nikazungumza habari za mvua. Fomu zilizojazwa mpaka leo, wodi zote: arobaini na sita. Sijala.

Jumanne, 15 Julai

Nimemwambia Kaka. Pale kwenye korido, karibu na dirisha la dawa, watu wanapita na vikaratasi vyao. Nikamweleza yote, barua, nembo, neno. Nikamwambia ni kosa langu, tumwulize Baba upya.

Kaka akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema maandishi ni maandishi. Nikamwambia maandishi ni yangu na hayafai! Akasema: "Wewe uliingia kichwani mwake ukaona anachofikiria? Kaandika hapumzishwi na mtu. Mtu! Maana yake anapumzishwa na Mungu peke yake. Kuna neno la Kikristo kuliko hilo?"

Ni neno zuri kweli.

Akaendelea: kumwuliza mgonjwa kama anataka kufa ni kumchimbia kaburi akiona. Hatamruhusu yeyote azungumze mambo hayo kitandani. Na ile dawa ya maumivu anayoisifu daktari, ameambiwa inalaza pumzi, basi nayo ni kuua polepole. Nikasema mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema nisimpigie methali, yeye ni mkubwa wangu.

Kisha akageuka ukutani. Akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo: "Mimi ndiye nilimleta. Alisema hataki kuja, nikambeba. Sasa nikamwambie nini, nilikuleta ufe?"

Kumbe ndilo hilo. Maskini kaka yangu. Nikamnunulia chai, tukanywa tumesimama.

Jumatano, 16 Julai

Mchungaji amekuja. Ni mwanamama mfupi, amekuwa hapa miaka mitatu, Kaka hajamzoea bado. Tukaketi wanne kwenye kile chumba cha kalenda, Baba amelala. Kaka akaanza kabla hatujaomba. Akasema Bwana pale msalabani aliletewa divai iliyotiwa dawa ya kufisha maumivu, akaikataa. Aliyavumilia yote. Basi Mkristo naye avumilie.

Kitindamimba akadakia: "Alikataa yeye mwenyewe! Hakukataliwa na kaka yake!"

Mchungaji akacheka mpaka akatoa leso. Hata Kaka mdomo ulimcheza kidogo.

Kisha Mchungaji akasema na baadaye Bwana huyo huyo alisema ana kiu, akapewa, akapokea. Ndipo akaikabidhi roho kwa Baba yake. Hakuna aliyemnyang'anya, na hakuna aliyeshikilia isitoke. Akamgeukia Kitindamimba. Alimwambia kwa upole lakini hakupunguza: Baba yenu ni zaidi ya mbwa, ndiyo maana hatumfanyii ya mbwa. Uhai tulipewa, hatukuununua. Ule mlango Mungu hakutupa funguo zake. Akamgeukia na Kaka: lakini mzee wangu, hakutuagiza pia tuuegemee kwa mgongo usifunguke. Kukataa mashine isiyoponya si kujiua. Ni kukubali kwamba wewe si Mungu. Na kuikubali mashine si kukosa imani. Yote mawili Mkristo anaweza kuyachagua mikono ikiwa safi.

Daktari Pole aliyekuwa amesimama mlangoni akaongeza habari ya ile dawa: "Naipima kwa maumivu, siipimi kwa mauti. Maumivu yakishuka, naacha hapo." Hakusema pole! Mara ya kwanza.

Kitindamimba akasema yeye bado haoni tofauti ni kubwa kiasi gani. Mchungaji akasema ni haki yake kutoiona leo. Nilipenda alivyomjibu.

"Sasa nani achague?" Kaka akauliza.

Wakati ule ule nilipaswa kusema: yeye, Baba, na hajaulizwa, kwa sababu yangu. Daktari alikuwa pale pale. Mdomo wangu ukafungwa kama bahasha. Niliogopa kumwonyesha Daktari kwamba binti wa Mwalimu hajui Kiswahili. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Naandika hapa ili nione aibu kila nikifungua.

Alhamisi, 17 Julai

Nimesema.

Asubuhi wakati wa chai Matroni alikuwa na Daktari Pole ofisini. Nikaingia bila kubisha. Nikaanza na nembo nikamaliza na barua ya kwaya. Matroni hakuniambia "nilikwambia". Ningemheshimu zaidi angeniambia! Alivua miwani tu, akauliza zimeshajazwa ngapi. Hamsini na tatu sasa. Akasema basi zote hamsini na tatu zinarudiwa, na utakayezunguka nazo ni wewe.

Nimezunguka. Kitanda kwa kitanda, mchana kutwa. Mama mmoja wodi ya tatu aliweka vema kwenye (b) akidhani atapewa chumba cha peke yake, jirani yake anakoroma. Mwanajeshi mstaafu aliweka (b) akidhani ni likizo. Dereva mmoja alikata zote mbili, akaniambia karatasi inamtaka achague kufa kwa umeme au kufa kwa sindano. Ni wachache tu walioelewa kama nilivyotaka mimi. Wachache! Mmoja wao ni mshairi, tena alisema swali limemgusa.

Lakini nikiwaeleza kwa maneno ya kawaida — wanasema! Watu wanasema, wala hawaogopi kama tunavyodhani. Yule mwanajeshi alishika mkono wangu nusu saa nzima. Alitaka mashine, kwa sababu bintiye anajifungua mwezi ujao na yeye anataka kumsubiri mjukuu. Mama wa wodi ya tatu hataki mashine, anataka kuimbiwa na kugeuzwa ubavu. Sikujua kwamba fomu inaweza kuwa kazi ya maana hivi. Nimejivuna tena, lakini safari hii nimejivunia wao.

Alasiri nimeandika upya swali la nne. Na nembo nimeishusha chini, ndogo, ya hospitali.

"Ukifika wakati siwezi kupumua mwenyewe: (a) nataka mashine inipumulie, hata kama sitaweza kuongea na hata kama siponi, (b) sitaki mashine. Nataka dawa ya maumivu na ya kunituliza, nisafishwe, nigeuzwe, nisiachwe peke yangu, mpaka Mungu atakaponiita. Sitaki na sitapewa kitu cha kuniua."

Ndefu kama treni. Matroni akaisoma, akasema abiria wote wamepata viti.

Saa kumi na moja Daktari akaniita pembeni. Pole. Pumzi ya Baba imeshuka sana tangu mchana. Kesho saa nne asubuhi lazima yeye, Daktari, aamue kumhamishia chumba cha mashine au kumwacha, na mpaka sasa karatasi aliyonayo ni ile yenye wino mwekundu. Nikasema kesho saa tatu nitakuwa kitanda cha sita. Na Kaka? Nikasema Kaka niachie mimi. Sijui nilitoa wapi ujasiri huo.

Ijumaa, 18 Julai

Saa tatu na dakika ishirini. Naandika hapa hapa, daftari gotini, kiti cha wageni, kitanda cha sita. Baba ameniamuru: "Fanya mambo yako. Usinitazame nikisoma." Basi nafanya mambo yangu.

Kaka alikuwa mlangoni nilipofika, amekunja mikono, mlango mzima umejaa. Nikamwambia nitamwuliza Baba, ukitaka niburute mbele ya watu. Akaitazama ile karatasi mkononi mwangu. Akaisoma yote, midomo ikimcheza kama anayejifunza wimbo. Aliporudi kwenye ule mstari wa mwisho wa (b) alipumua kwa nguvu. Hakupisha, ila hakuzuia. Nikapita ubavuni.

Nikamwambia Baba kuna karatasi mpya, kwa sababu ya kwanza ilikuwa na kosa. Akauliza kosa la nani.

"Langu, Baba. Ile niliandika mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Haikutoka kwa kamati ya kwaya. (b) ilikuwa inauliza habari ya kufa. Ya kwako, sio ya kwaya."

Akaniangalia. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani ndiyo mwisho, nikamwita muuguzi — kumbe anacheka! Anacheka na kukohoa, anacheka na kukohoa, mrija wa oksijeni umehamia shavuni, muuguzi anakimbilia, jirani wa kitanda cha tano naye anacheka bila kujua sababu. Kitindamimba aliyekuwa amesinzia miguuni pa kitanda akaamka na kuanza kulia. Ilichukua dakika nyingi pumzi kurudi. Haijarudi yote.

Akasema: "Neno zuri. Mahali pabaya."

Hilo tu. Ningeliweka kwenye fremu!

Kisha akanyoosha kidole. Koti la kwaya, mfuko wa ndani. Nikatoa barua ya kamati, imekunjwa mara nne, imesahihishwa. Wino mwekundu kila mahali, alama tano juu ya kumi. Akaniambia, neno moja moja, nimwambie fundi saa barua imefika. Amekubali kupumzishwa.

Kaka mlangoni akatoa sauti kama amekanyaga msumari. Baba akainua kidole, akaongeza: "Kwaya! Nasema habari ya kwaya."

Ndipo akachukua karatasi yangu mpya, na kalamu yake nyekundu.

Ukurasa wa kwanza: koma moja. Ukurasa wa pili: hakuna kitu. Hakuna kitu! Nimechungulia. Amenikamata nikichungulia.

Saa tatu na dakika arobaini. Yuko ukurasa wa tatu. Kaka ameingia mpaka katikati ya chumba, anazunguka, kivuli chake kinapita juu ya karatasi. Baba bila kuinua macho: "Sauti ya nne. Kaa. Unazuia mwanga." Na Kaka ameketi, mtu mzima, ndevu za mvi, ameketi kitako pale pale sakafuni.

Kitindamimba amemshika Baba unyayo juu ya shuka. Alikuja na hoja zake zote kutoka huko mbali, na sasa anapapasa unyayo tu.

Saa tatu na dakika hamsini. Daktari Pole amefika mapema, amesimama nje ya pazia. Nyuma yake kitanda cha magurudumu cha kumhamishia, tupu, shuka jeupe.

Baba amemaliza swali la tatu. Amesoma la nne. Amelisoma tena. Nimeona kidole kikitembea chini ya mstari, taratibu, kama alivyokuwa akitufundisha kusoma. Kimefika "nisiachwe peke yangu", kikasimama pale.

Juu ya ukurasa ameandika kitu. Tisa. Tisa juu ya kumi! Miaka hamsini na tatu naishi duniani! Ile moja iliyobaki ameikata kwa ajili ya koma.

Daktari amevuta pazia. Amesema pole Mwalimu, ni saa nne. Baba ameinua mkono, kiganja wazi, ule mkono wa kwaya, ule wa kabla ya kuingia. Mkono huo ukiwa juu hakuna aendaye popote. Daktari amesimama. Kaka sakafuni ameacha hata kuomba.

Ncha nyekundu iko juu ya swali la nne. Haijagusa.

Ameirudisha. Ameifunga kifuniko, ameilaza juu ya shuka. Anasema nyekundu ni ya makosa ya watu. Hili ni lake, hawezi kuliandika kwa nyekundu. Anataka ya bluu.

Kitindamimba anapekua mkoba. Kaka anajipapasa mifuko, anatoa utepe wa kupimia. Daktari ana nyeusi. Baba anatikisa kichwa, hapana, bluu, na mkono mwingine ameunyoosha kwangu, na kalamu ya bluu humu ndani ni moja tu, hii ninayoandi